Nani Anakula Umeme

Mita ambazo Thomas Edison aliwafungia wateja wake wa New York hazikuwa na namba. Hazikuwa na mshale, wala gurudumu, wala kataa kekundu ka kumwekamweka. Ndani yake kulikuwa na chupa ya kioo iliyojaa mmumunyo wa salfeti ya zinki, na ndani ya chupa mabamba mawili ya zinki. Sehemu ndogo sana ya umeme ulioingia nyumbani ilichepushwa ipite kwenye chupa hiyo, na kila ulipopita ulihamisha zinki kidogo kutoka bamba moja kwenda jingine. Mwisho wa mwezi alikuja mtu wa kampuni, akayachomoa mabamba, akaweka mengine, akayapeleka kituoni yaoshwe, yakaushwe na kupimwa kwenye mizani ya kazi nyembamba, kama ile ya sonara. Tofauti ya uzito ndiyo iliyokuwa bili. Mteja hakuwa na cha kusoma. Alichoweza kufanya ni kuamini.

Kituo cha Pearl Street kiliwashwa tarehe 4 Septemba 1882, kikiwa na taa kama 400 siku ya kwanza. Wateja wa mwanzo walitumia umeme miezi kadhaa bila kutozwa, mpaka mwaka 1883 bili zilipoanza kutoka. Ilipofika majira ya baridi likazuka tatizo lingine: maji ya kwenye chupa yangeweza kuganda. Edison akaweka balbu ndani ya sanduku la mita, ikijiwasha yenyewe baridi inapozidi. Yaani mita nayo ilikuwa inakula umeme ili iweze kupima umeme unaoliwa.

Wasifu wa Edison uliochapishwa mwaka 1910, yeye mwenyewe akiwa hai, una kisa ambacho nimekisoma mara nyingi kuliko kinavyostahili. J. P. Morgan, tajiri wa benki, alikuwa mmoja wa waliotia fedha katika kampuni ile, na ofisi yake ilikuwa miongoni mwa za kwanza kupata taa. Swali likawa: je, chupa zile zinasema kweli? Wakaamua kuzijaribu. Kadi zikatundikwa kwenye kila taa ya ofisi, na kila aliyewasha au kuzima aliandika saa. Mwezi ulipokwisha wakajumlisha saa za taa zote, wakalinganisha na hesabu ya mita. Hazikukubaliana. Edison, ambaye hakuwa mtu wa kukubali upesi kwamba kifaa chake kina kasoro, alianza kuuliza maswali. Mwishowe ikafahamika kwamba usiku, wenye ofisi wakishaondoka, alikuwa anaingia mfagizi, anawasha taa kubwa ya katikati yenye balbu kumi, na anafanya usafi wake. Hakuna aliyempa kadi. Walipoongeza saa zake, hesabu zikakutana.

Mfagizi huyo hatajwi jina.

Kisa hiki ninachokipenda ndicho zoezi lenyewe ambalo wengi wetu tumelifanya au tumetamani kulifanya, tukiwa tumeshika simu yenye kikokotoo mbele ya mita: kila chombo kinakula kiasi gani? Mita haijibu swali hilo. Tangu mwaka 1883 hadi leo, mita inajibu swali moja tu, nalo ni jumla. Kuigawa jumla hiyo kati ya friji, feni, pasi na televisheni ni kazi ya walio ndani ya nyumba, na ndiyo kazi inayoleta ugomvi.

Zamani kidogo kabla ya mita, na hata baada ya mita kuwepo, kampuni nyingi hazikuuza umeme. Ziliuza taa. Mteja alilipia idadi ya taa alizofungiwa, basi. Awashe saa moja au usiku kucha, bei ni ileile. Ni mfumo mwepesi kuelewa, na ni mfumo unaomlipisha mwenye nidhamu gharama za asiye na nidhamu. Naomba msomaji auweke akilini, kwa sababu tutakutana nao tena karibu na nyumbani.

Vipimo vyenyewe tunavyovitumia vilizaliwa katika miaka hiyohiyo. James Watt, aliyekufa mwaka 1819, hakuwahi kuona balbu. Alichofanya ni kulinganisha injini zake za mvuke na farasi, ili mwenye mgodi ajue akinunua injini moja atawapumzisha farasi wangapi. Mwaka 1882 William Siemens, akizungumza mbele ya wanasayansi wa Uingereza, alipendekeza jina la Watt lipewe kipimo cha nguvu ya umeme. Farasi mmoja wa Watt ni kama wati 746. Kwa hiyo jiko la koili la wati 1,500, lile la sahani moja linalouzwa Kariakoo, ni farasi wawili waliofungwa chini ya sufuria ya maharage.

Na neno letu "uniti"? Waingereza, katika taratibu zilizofuata sheria yao ya taa za umeme ya mwaka 1882, walihitaji kipimo ambacho kampuni ingekitumia kumtoza mteja. Wakachukua wati elfu moja kwa muda wa saa moja, na kwa kuwa wizara iliyosimamia mambo hayo ilikuwa Board of Trade, kipimo kikaitwa uniti ya Board of Trade. Baadaye wizara ikasahaulika katika mazungumzo, uniti ikabaki. Ilisafiri pamoja na nyaya na mafundi wa Kiingereza mpaka ikafika kwetu, na leo mama anayetuma mtoto dukani "kaninunulie uniti kumi" anatumia istilahi ya ofisi ya London ya enzi za Malkia Victoria. Hesabu yake haijabadilika hata kidogo: wati za chombo, zidisha kwa saa zilizotumika, gawa kwa elfu moja. Feni ya wati 55 ikizunguka saa 9 imekula takriban nusu uniti.

Chupa za zinki hazikudumu. Mjerumani Hermann Aron alijaribu saa mbili za pendulamu, moja ikienda kawaida na nyingine ikiyumbishwa na mkondo, na tofauti kati yao ikawa ndiyo matumizi. Mwaka 1888 Oliver Shallenberger, mhandisi wa Westinghouse, alikuwa anashughulikia taa ya mkondo geu pale springi ndogo ilipochomoka ikaangukia ndani. Ilikuwa inajizungusha yenyewe. Wengine wangeiokota na kuirudisha mahali pake. Yeye aliuliza inazungushwa na nini, na baada ya majuma machache alikuwa na mita. Kule Turin, Galileo Ferraris alikuwa tayari ameonyesha jinsi uga sumaku unavyoweza kuzungusha kipande cha chuma kisichoguswa na chochote, na huko Budapest, Ottó Bláthy wa kiwanda cha Ganz alitengeneza mwaka 1889 mita ya kusoma uniti zenyewe. Ilikuwa na uzito wa kilo 23.

Kutoka hapo likaja lile bamba la duara la alumini ambalo watu wa rika la wazazi wetu wanalikumbuka: linazunguka polepole nyuma ya kioo, lina alama nyeusi au nyekundu pembeni, na mtoto akikaa kulitazama anaambiwa aache kuchezea umeme. Ni kifaa kizuri mno kwa mtu anayetaka kujua. Kwenye uso wake kuna namba, tuseme mizunguko 600 kwa uniti. Zima kila kitu, washa chombo kimoja, shika saa. Duara likimaliza mzunguko mmoja kwa sekunde 6, chombo hicho ni cha wati 1,000. Likichukua dakika nzima, ni wati 100. Hakuna haja ya fundi wala ya kusoma kibandiko cha kichina nyuma ya chombo, ambacho mara nyingi hutaja kiwango cha juu kabisa na si kile chombo inachokula kweli.

Msoma mita mmoja aliondoka na jambo kubwa zaidi katika kazi hiyo. Earl Richardson alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya umeme katika mji wa Ontario, California, mwanzoni mwa karne ya 20. Mitambo wakati ule iliwashwa jioni tu, maana kazi ya umeme ilikuwa taa. Richardson, akipita nyumba kwa nyumba, aliwaza pasi: ndogo, nyepesi, ya umeme. Akatengeneza chache akawapa akina mama wa kwenye njia yake wazijaribu, kisha akaishawishi kampuni iwashe mitambo mchana kutwa siku ya Jumanne, siku ya kupiga pasi. Pasi yake baadaye ikaitwa Hotpoint. Yule aliyetumwa kuhesabu ndiye aliyeongeza cha kuhesabiwa, na tangu hapo swali la "taa ngapi" likawa swali la "vyombo gani".

Kwetu umeme ulikuja kama ulivyokuja ukoloni, kwa kuchagua. Dar es Salaam ilipata umeme wa umma mwaka 1908, chini ya Wajerumani, kwa ajili ya karakana ya reli na sehemu ya mji walimokaa Wajerumani wenyewe. Waingereza waliupokea baada ya vita, wakaanzisha idara ya serikali mwaka 1920, na mwaka 1931 wakaukabidhi kwa kampuni mbili binafsi, mojawapo ikiwa TANESCO. Serikali huru ilianza kununua hisa mwaka 1964, na jina la sasa la TANESCO ni la mwaka 1968.

Lakini historia ninayoiona ina uzito zaidi katika habari hii si ya kampuni, ni ya nyumba. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, Magomeni au Manzese ina ramani ambayo kila aliyepanga anaijua: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani jiko, bafu na choo. Ilijengwa hivyo makusudi, ili mwenye nyumba akae chumba kimoja au viwili na vingine apangishe. Mita kwa upande wake ilibuniwa kwa ajili ya nyumba yenye baba, mama, watoto na pochi moja. Vitu hivi viwili vilipokutana ukutani kwenye ukumbi, mita ilihesabu familia sita kana kwamba ni moja.

LUKU ilipoanza kufungwa miaka ya 1990 iliondoa bili na msoma mita, haikuondoa tatizo hili. Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo: mfumo huu una ndugu zake wakubwa. Mwingereza wa kipato cha chini alikuwa akitumbukiza sarafu kwenye mita ya gesi tangu mwishoni mwa karne ya 19. Teknolojia ya tokeni yenyewe, zile tarakimu 20, ilikomaa Afrika Kusini katika miaka ambayo wakazi wa vitongoji vya Weusi walikuwa wamegoma kulipa kodi za nyumba na huduma kama sehemu ya mapambano dhidi ya ubaguzi. Mita isiyotoa umeme mpaka ulipie kwanza haigombani na mgomaji. Inamzimia taa kimyakimya. Antina von Schnitzler ameandika kitabu kizima juu ya jambo hilo, kilichotoka mwaka 2016, na tangu nikisome siwezi kubonyeza zile tarakimu bila kulikumbuka.

Ndani ya kila tokeni kuna dakika. Mfumo unahesabu dakika tangu tarehe 1 Januari 1993, na kila tokeni inabeba dakika iliyotengenezwa, ndiyo maana mita inaikataa tokeni iliyokwisha kutumika. Nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo ilitosha dakika 16,777,216, karibu miaka 32, na ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024. Ndiyo sababu ya zile tarakimu za ziada ambazo mwaka huo tuliambiwa tuingize kabla ya tokeni mpya, na baadhi ya majirani wakadhani wanaibiwa.

Basi, nyumba ninayokaa ni ya vyumba sita na LUKU moja. Kila mwanzo wa mwezi tunachangishana. Kanuni niliyoikuta inasema hivi: kila chumba kinalipa sawa, mwenye televisheni anaongeza kidogo, mwenye friji anaongeza sana. Tunalipia vyombo, si umeme. Ni mfumo uleule wa taa za kabla ya Edison, na nadhani nyumba nyingi za kupanga jijini zinauishi mpaka leo.

Mwenye friji kwetu ni mmoja tu, mama wa chumba cha tatu, anayeuza barafu za ubuyu na maji baridi mlangoni. Mwezi wa Machi umeme ulifika uniti 243. Kikao kilikaa ukumbini na ukatolewa uamuzi kwamba yeye alipe shilingi 40,000, karibu nusu ya gharama yote, kwa sababu friji inakula umeme na, kama alivyosema kaka wa chumba cha kwanza, "halilali". Mama hakubisha sana. Alisema tu kwamba akitoa 40,000 biashara ya barafu haina maana tena, na kwamba barafu ndiyo ada ya mtoto wake. Kisha akanigeukia mimi: "Wewe mwanangu unasoma. Hebu wapigie hesabu."

Mita zetu hazina duara, ila zina taa ndogo nyekundu, na yetu imeandikwa chini yake kwamba taa ikimweka mara 1,000 ni uniti moja. Kila kumweka ni wati-saa moja. Kanuni ni nyepesi kuliko ya duara: gawa 3,600 kwa sekunde zilizopita kati ya mmweko na mmweko, umepata wati. Niliomba watu wazime kila kitu kwa nusu saa, Jumapili asubuhi, nikapewa dakika kumi na tano pamoja na manung'uniko.

Friji, mashine ikiunguruma, ilimweka kila baada ya sekunde 30. Wati 120. Mashine ikinyamaza, hakuna kitu. Kwa hiyo kaka wa chumba cha kwanza hakuwa sahihi: friji inalala, tena karibu nusu ya muda wake. Baadaye niliihesabu peke yake kwa saa nzima usiku wa manane, nikapata mimweko 48, na mchana, mama akifungua na kufunga kwa wateja, 70 hivi. Nikachukua wastani wa 60. Uniti 1.44 kwa siku, uniti 43 kwa mwezi. Katika 243, hiyo haifiki hata moja ya tano.

Vingine nilivipima kimoja kimoja, na nikawauliza watu saa wanazotumia. Simu ndizo zilizonichekesha, maana kulikuwa na ugomvi wa mwaka mzima kuhusu wageni wanaokuja "kupiga chaji". Simu moja ikichajiwa kila siku haifikishi nusu uniti kwa mwezi. Televisheni zetu nne kwa pamoja zilikuwa uniti 30. Taa zote, pamoja na ya barazani inayokesha, 16. Pasi, ambayo ni ya wati 1,000 lakini inawashwa dakika chache, 12. Mla umeme mkuu hakuwa na sura ya mshitakiwa: feni. Feni sita, wati 55 kila moja, saa tisa kwa siku, zinafanya uniti 89. Hakuna aliyewahi kulipia feni, kwa sababu kila mtu anayo.

Nikajumlisha. Nilipata 194. Mita ilisema 243.

Wakati huo ndipo nilipomkumbuka mfagizi wa Morgan. Uniti 49 ni nyingi mno kuwa makosa ya kukadiria saa za televisheni. Ni zaidi ya friji nzima. Nyaya za mita zetu hazijachepushwa, nilizitazama zote mpaka mlango wa nje. Kilichobaki ni kadi ambayo haikujazwa.

Ukijua kusoma kile kitaa, nyumba haina siri kubwa. Kwa siku tatu kila nilipopita ukumbini nilisimama kidogo. Siku ya tatu, saa nne kasoro usiku, taa ilikuwa inamweka kama moyo wa mtu aliyekimbia. Nikahesabu: mimweko 25 kwa dakika, zaidi ya ile ya kawaida ya saa hizo. Wati 1,500. Farasi wawili. Ilidumu karibu saa moja. Jiko la koili limepigwa marufuku katika nyumba yetu tangu kabla sijahamia, na harufu ya maharage ilikuwa inatoka chini ya mlango wa chumba cha tano.

Chumba cha tano anakaa dereva wa bodaboda na mkewe na mtoto mchanga. Sikugonga. Nilirudi chumbani nikamalizia jedwali langu, na kwenye mstari wa mwisho nikaandika: jiko, uniti 45, bila kuandika la nani. Zilizosalia, uniti nne, niliziacha kama zilivyo.

Kabla ya kikao niliongeza hesabu ya pili, ambayo hakuna aliyeniagiza, na kwangu ndiyo iliyokuwa nzito. Kwa bei zilizoanza Aprili 2016, mteja mdogo wa nyumbani, anayeishia uniti 75 kwa mwezi, hutozwa shilingi 100 kwa uniti. Anayezidi huingia kundi la kawaida, shilingi 292. Ukiweka VAT ya asilimia 18 na makato mengine ya asilimia 4, ni shilingi 122 kwa yule na 356 kwa huyu. Punguzo hilo liliwekwa kwa ajili ya watu wa kipato cha chini. Sasa angalia nyumba yetu. Hakuna chumba hata kimoja kinachovuka uniti 75. Hata mama na friji yake, ukimwekea feni na taa na televisheni, ni 71. Lakini mbele ya mita sisi ni mtu mmoja anayekula 243, kwa hiyo tunalipa 86,508. Tungekuwa na mita sita, tungelipa 29,646. Tofauti ya 56,862 kila mwezi hailiwi na friji wala jiko wala feni. Inaliwa na ukuta wa ukumbi.

Kikao kilikaa Ijumaa. Nilisoma mstari mmoja mmoja. Feni zilizua kelele; dada wa chumba cha pili alisema kama tumefika kulipia upepo basi tuhesabu na pumzi. Friji ilipita kimya, na kaka wa chumba cha kwanza, namsifu kwa hilo, alisema, "Kumbe tulikuwa tunamwonea mama." Nilipofika kwenye jiko nikasoma "uniti 45, shilingi 16,020" nikanyamaza. Watu walitazamana. Mwenye nyumba akauliza jiko gani.

"Andika chumba cha tano," alisema mke wa dereva. Alikuwa amempakata mtoto na hakuinua sauti. "Gesi iliisha tangu Januari. Mume wangu anarudi usiku, mkaa siwezi kuwasha chumbani na mtoto." Mwenye nyumba akaanza kusema habari ya marufuku, na mama wa chumba cha tatu akamkatiza: "Baba, shikamoo, lakini anayekula umeme si ameshasema atalipa?" Hakuwa amesema, kwa kweli. Ila baada ya hapo ilikuwa vigumu kwake kusema vinginevyo.

Tukakubaliana mama atoe 25,000, chumba cha tano 25,000, wengine 9,000 kila mmoja, tuone itakavyokuwa. Nikaleta suala la mita sita. Kumuunganishia mteja wa mjini, kwa bei ya tangu Januari 2022, ni shilingi 320,960, kwa hiyo mita sita ni 1,925,760. Kwa tunachookoa, fedha hiyo inarudi ndani ya miezi 34. Mwenye nyumba alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kwa upole nani kati yetu ana uhakika wa kuwa bado anakaa hapa baada ya miezi 34. Kisha akataja mita ndogo za madukani, zile ambazo fundi anafunga moja kila chumba nyuma ya LUKU. Zinauzwa bei nafuu na zingemaliza ubishi wetu wote, ni kweli. Bei ya uniti zingeiacha palepale kwenye 356. Ameahidi kufikiria.

Mke wa dereva alikuja baadaye kuniuliza swali ambalo sikulitegemea. Hakutaka kujua nilimjuaje. Alitaka kujua kama maharage yakilowekwa usiku kucha jiko litakula kidogo. Nikamwambia litakula kidogo, maana yataiva mapema, na nikamwonyesha namna ya kuhesabu ile taa. Sasa akipika anamtuma mwanawe wa darasa la pili, aliyekuja kuishi nao kutoka kwa bibi yake, asimame ukumbini ahesabu kwa sauti.

Limebaki jambo dogo ambalo jedwali langu halikulitatua. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, na sasa ni shilingi 1,500 kwa mwezi, inayotoka kwenye ununuzi wa kwanza wa mwezi. Ni kodi ya mwenye nyumba, ila inakatwa kwa aliyenunua. Tarehe 1 Mei mita ilisoma uniti 0.8, friji ilikuwa inaunguruma, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kutoa simu mfukoni.